Sura ya Tisa: Orodha ya Wasioguswa

"Mimi ni mwongo, Afande. Hilo liandike kabisa, nitalitia sahihi. Lakini huyu mama si wangu."

Aliyesema hivyo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza katika chumba cha mahojiano cha mahabusu, mikono ameikunja kifuani, kandambili miguuni. Miezi mitano nyuma alikuwa msemaji wa serikali, na kila jioni sura yake iliijaza televisheni. Kisha serikali yake ikaanguka kwenye uchaguzi na yeye akaanguka nayo. Kazi ilikwisha ila jina lilimganda: askari magereza walimwita Msemaji, mahabusu wenzake walimwita Msemaji, hata mpishi alipogawa uji aliita, "Msemaji, leta kikombe."

Inspekta aliyeketi mbele yake alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye daftari la karatasi na kalamu mbili. Polisi walimbatiza Mama Tena kwa sababu ya neno "tena" ambalo halikukauka mdomoni mwake alipohoji mtu. Serikali mpya ilipounda Tume ya kuchunguza jinsi mitandao ilivyotumiwa kuvuruga uchaguzi, jeshi la polisi lilimwazimisha kwa Tume hiyo, na Tume ikamkabidhi jalada ambalo kila mtu alidhani limekwisha kujibiwa.

"Sema tena," alisema Inspekta.

"Huyu mama si wangu. Akaunti bandia nilikuwa nazo mia mbili na kumi. Nimezitaja zote, na watu waliokuwa wakiziandikia nimewataja. Nilisema wapinzani wanaumwa, wana uraia wa nje, wameacha wake. Hayo ni yangu. Lakini Jicho la Umma sikuwahi kuwa nayo."

Inspekta alitoa picha kwenye bahasha na kuisukuma mezani. Ilionyesha mwanamke wa miaka hamsini na minane ndani ya darasa, ameinama juu ya sanduku la kura, mkononi karatasi. Chini yake kulikuwa na maneno: *Huyu ndiye anayeiba kura yenu. Anakaa nyumba ya kijani nyuma ya shule.*

Mwanamke yule alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi na msimamizi wa kituo cha kura kilichowekwa katika darasa lake mwenyewe. Karatasi zilizokuwa mkononi ni kura zilizoharibika, ambazo sheria inamtaka azitie kwenye bahasha. Picha ilirushwa saa kumi na moja jioni ya siku ya kura na akaunti iliyoitwa Jicho la Umma. Kesho yake saa mbili asubuhi kundi la watu lilikuwa mbele ya nyumba ya kijani. Mwalimu alitoka kuzungumza nao, kama alivyozoea kuzungumza na wazazi wenye hasira. Jiwe lilimpata juu ya sikio. Siku ya tatu akafariki hospitalini.

"Watu mia mbili waliona picha hii kabla hawajaokota mawe," alisema Inspekta. "Nchi nzima inasema umeirusha wewe."

"Nchi nzima iliniamini nilipokuwa nadanganya, sasa nasema kweli hakuna anayetaka." Msemaji alicheka bila furaha. "Niulize swali moja la kipolisi, Afande. Kituo kile nani alishinda?"

"Chama chako."

"Kwa kura tisini na sita. Sasa mimi nina akili gani ya kumwaga damu ya mtu anayenihesabia ushindi?"

Inspekta alishika kalamu. Aliandika swali lile neno kwa neno. Hakumpenda mtu huyu. Aliwahi kumsikia akiwaita wauguzi waliogoma panya, na kesho yake wauguzi wawili wakapigwa kwenye kituo cha basi. Lakini swali lilikuwa zuri, na kinyongo hakilijibu.

*

Kutoka mahabusu alikwenda moja kwa moja hadi kwenye duka la miwani alikofanya kazi mtoto wa marehemu. Duka lilikuwa jembamba, vioo ukutani, fremu zimepangwa kwenye rafu kama meno. Nyuma ya pazia kulikuwa na mashine ya kuchongea lenzi, na nyuma ya mashine alikaa mwanamke wa miaka thelathini, koti jeupe, vumbi la lenzi kwenye nyusi. Mtaani walimwita Fundi Miwani.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Sitakuchosha. Wamekuhoji mara ngapi?"

"Mara nne. Wote wanauliza mama alikuwa na maadui gani." Alizima mashine. "Mwalimu wa darasa la tatu, Afande. Maadui wake walikuwa watoto wasiofanya hesabu."

Alifungua droo na kutoa rundo la karatasi. Alikuwa ameiripoti picha ile kwa kampuni ya mtandao mara arobaini na moja, kuanzia saa kumi na moja na dakika ishirini jioni ile hadi alfajiri. Kila ripoti alikuwa ameichapisha pamoja na jibu lake. Majibu yote yalikuwa mamoja: *Asante kwa kutujulisha. Tumepitia ripoti yako. Chapisho hili halijavunja kanuni za jumuiya yetu.*

"Angalia saa," alisema Fundi Miwani. "Natuma, jibu linarudi baada ya sekunde tisa. Kila mara tisa."

Sekunde tisa! Mtu anapiga chafya na kupangusa pua kwa muda mrefu kuliko huo. Katika ripoti ya thelathini na tatu binti alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HUYU NI MAMA YANGU, MMETAJA NYUMBA YETU, WATU WATAKUJA. Sekunde tisa. Halijavunja kanuni. Inspekta alisoma jibu lile, akalisoma tena, na kalamu ikatoboa karatasi.

"Na ndugu zenu?"

"Mjomba. Kaka yake mama, tumbo moja. Siku ya mazishi hakuja. Alinipigia simu akaniuliza, kura alizificha wapi." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoumiza. "Nilimwambia mjomba, picha ni ya uongo. Akasema picha haiwezi kuwa ya uongo, yeye ameiona kwa macho yake."

Inspekta alifungua bahasha. "Wewe umeiangalia vizuri?"

"Sijaweza. Nikiiona naifunga."

"Nakuomba uiangalie leo. Kwa macho ya kazi, si ya mtoto."

Alitandaza nakala kubwa chini ya taa ya kuchongea lenzi. Fundi Miwani alivuta pumzi, akainama. Hakuangalia sanduku wala karatasi. Aliangalia pale ambapo mtu wa kazi yake huangalia kwanza.

"Hii miwani nimeipeleka mimi," alisema.

"Sema tena."

"Mama alikuwa na miwani ya fremu nyeusi. Siku ile mchana ikakatika mkono. Alimtuma mlinzi wa shule anipigie, nikaenda nyumbani kuchukua ya akiba. Hii hapa, yenye mikono ya bluu. Nilimpa mlinzi getini saa nane na dakika kumi. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimefunga duka, nikaandika mlangoni 'narudi saa tisa'."

"Kabla ya hapo hakuwahi kuivaa?"

"Hakuipenda. Alisema inamfanya aonekane kama mtangazaji."

Inspekta aliandika: *Picha imepigwa baada ya saa nane na dakika kumi mchana.* Akapiga mstari chini yake. Miezi mitano, wapelelezi wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwonyesha fundi wa miwani miwani ya mama yake.

*

Ghala la ushahidi la Tume lilikuwa ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha, masanduku yamepangwa hadi darini. Sanduku la kituo cha Mwalimu lilikuwa bado na utepe wa gundi wa siku ya uchaguzi. Hakuna aliyelifungua. Kwa nini alifungue, wakati mkosaji alikwisha kupatikana na anakula uji wa mahabusu?

Ndani kulikuwa na kitabu cha kituo. Ni daftari ambalo msimamizi huandika kila kinachotokea tangu kufungua hadi kufunga. Vituo vingine viliandika mistari mitatu minne. Mwalimu alikuwa ameandika kurasa kumi na moja kwa mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora ramani ya darasa kwa rula: mlango, ubao, sanduku, dirisha, na viti vitatu vya mawakala wa vyama. Kiti cha kwanza karibu na mlango, wakala wa chama kidogo. Cha pili katikati, wakala wa chama tawala. Cha tatu dirishani, wakala wa chama cha upinzani, ambacho sasa ndicho kinachotawala.

Inspekta aliiweka picha kando ya ramani. Nyuma ya Mwalimu ulionekana mlango na upande mmoja wa ubao. Basi aliyepiga alikuwa dirishani, amekaa, kwa sababu ukingo wa meza ulikuwa umekata chini ya picha. Wapiga kura waliingia mmoja mmoja na simu zao ziliachwa getini. Hakuna aliyepita upande wa dirisha.

Akaendelea kusoma. *Saa saba kamili. Wakala wa kiti cha pili ametolewa kwa kuvaa fulana ya kampeni chini ya shati. Hakurudi. Ametia sahihi.*

Kwa hiyo Msemaji hakuwa na mtu mle ndani. Picha ilipopigwa, kiti cha katikati kilikuwa kitupu zaidi ya saa nzima. Inspekta aligeuza ukurasa, na pale, katikati ya mstari wa kura zilizoharibika na mstari wa maji ya kunywa, Mwalimu alikuwa ameandika:

*Saa tisa kasorobo. Wakala wa kiti cha tatu ameonywa kwa kutumia simu ndani ya chumba. Amesema anaangalia saa. Ameonyeshwa saa ya ukutani. Ameomba radhi. Ametia sahihi.*

Sahihi ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kama ndoana ya samaki. Inspekta alisoma jina lililoandikwa chini yake. Alikuwa ameliona kwenye mlango wa ofisi moja wizarani, kwa herufi za shaba, juu ya cheo: Mkurugenzi wa Udhibiti wa Mitandao.

Alipiga simu kwa wakala wa kiti cha kwanza. Alikuwa fundi cherehani, na mlio wa cherehani ulisikika kabla ya sauti yake.

"Simu? Alikuwa nayo, ndiyo. Ameificha kwenye mapaja. Mwalimu alimkaripia kama mtoto wa darasa la pili, nikajizuia nisicheke."

"Kwa nini hukusema?"

"Kumwambia nani, mama? Hakuna aliyeniuliza. Na yule sasa ni mtu mkubwa."

"Utaandika maelezo?"

Cherehani ilinyamaza. "Marehemu alimfundisha mwanangu kusoma," alisema yule mama. "Nije lini?"

*

Picha imepigwa na mtu, sawa. Lakini Jicho la Umma ilikuwa ya nani? Jibu lilikuwa ghorofa ya kumi na mbili ya jengo la vioo, katika ofisi ya kampuni ya mtandao. Kulikuwa na mito ya rangi sakafuni na ukutani maneno makubwa: TUNAWALETA WATU KARIBU. Meneja wao wa Sera, kijana wa heshima mwenye viatu visivyo na vumbi, alileta maji kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Inspekta. Tunashirikiana na serikali mpya bega kwa bega."

"Na ile ya zamani?"

"Nayo pia." Alitabasamu. "Sisi hatuna upande."

Inspekta aliweka mezani rundo la ripoti arobaini na moja. "Nani alizisoma hizi?"

"Mfumo."

"Mfumo una jina la baba?"

Meneja alitazama maji yake. Akaeleza kwa sauti ya upole kwamba akaunti nyingine zina ulinzi. Mashine ikiona ripoti dhidi ya akaunti hizo, haizipeleki kwa mtu, inajibu yenyewe. Ni za watu muhimu, ambao maadui zao wangeweza kuwaripoti kwa hila.

"Kwa hiyo mna orodha ya wasioguswa."

"Tunaiita orodha ya maslahi ya umma."

"Jicho la Umma ilikuwemo?"

"Hilo ni lazima niwaulize wanasheria wetu, na wao wako nchi nyingine, na kule sasa hivi wamelala."

Inspekta alitoa hati ya upekuzi yenye muhuri wa hakimu, akailaza juu ya ripoti. "Waamshe," alisema. Akavua saa ya mkononi, akaiweka kando ya hati, akafungua daftari na kukaa kama mtu aliyehamia.

Walichukua saa moja na nusu. Meneja alirudi na karatasi mbili, tabasamu limepungua. Wiki mbili kabla ya kura, alisema, kampuni ilikiomba kila chama kikubwa kitaje akaunti kumi za kulindwa. Walifanya hivyo kwa ajili ya usawa.

"Usawa," alirudia Inspekta. "Kila upande upewe mawe kumi."

Karatasi ya pili ilikuwa barua ya chama cha upinzani. Namba saba: Jicho la Umma. Chini kulikuwa na cheo, Mratibu wa Mawasiliano, na sahihi. Inspekta alitoa nakala ya ukurasa wa Mwalimu na kuiweka karibu. Ndoana mbili zilitazamana.

Meneja aliziona.

"Unamjua?" aliuliza Inspekta.

"Tunafanya naye kazi. Ndiye anayeandaa muswada wa sheria ya mitandao."

"Picha mliifuta lini?"

"Siku ya nne. Baada ya... baada ya taarifa za msiba kuthibitishwa."

"Na akaunti?"

"Mwenyewe aliifunga."

"Na orodha? Serikali mpya ilipoapishwa mliichana?"

"Tuliisasisha. Wa zamani tukawatoa, wapya wakaongezeka." Meneja akaongeza jambo ambalo pengine alidhani litamliwaza. "Lakini sasa itakuwa ya kisheria, Inspekta. Kifungu cha kumi na nne. Orodha itatolewa na Mkurugenzi wa Udhibiti, sisi tutatekeleza tu. Kwa kweli tunaupenda muswada huu."

Inspekta alisimama. Kwa miaka ishirini na mitatu ya kazi alikuwa amehoji wezi na wauaji, na wengi wao walikuwa na aibu hata kidogo, mahali fulani, ukichimba. Hapa hakuona pa kuchimba. "Namshukuru Mungu kwamba umeniambia hivyo mbele ya kinasa sauti," alisema, akakichukua kutoka chini ya daftari.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu mwenye mvi na mkono unaotetemeka kidogo. Alisoma kila kitu. Hakuruka ukurasa. Kisha akavua miwani.

"Kazi safi, binti yangu."

"Naomba kibali cha kumwita Mkurugenzi, Mheshimiwa."

"Keshokutwa muswada unasomwa bungeni. Tumeusubiri miaka kumi. Ukimgusa leo, muswada unaanguka. Wale wa zamani watapiga vigelegele na mitandao itabaki pori."

"Muswada wenyewe unaandikwa na mkono uleule."

"Mkono una makosa. Sheria inaweza kurekebishwa baadaye." Alisukuma jalada kidogo, kama mtu anayerudisha sahani asiyoimaliza. "Yule Msemaji ana makosa mia mbili. Moja zaidi halitamwongezea kitu. Funga jalada kwa jina lake. Nchi itapumua."

Inspekta aliliacha jalada pale. Alimheshimu mzee huyu. Aliwahi kumwona akimwachia huru mchuuzi ambaye polisi wenzake walikuwa wamembambikia kesi. "Mheshimiwa," alisema polepole, "walimsingizia Mwalimu kitu ambacho hakukifanya kwa sababu kilikuwa na faida siku ile. Sasa unaniambia na mimi nimsingizie mtu kwa sababu ina faida leo. Tofauti yetu na wao ni nini? Ni picha ya kiongozi tu iliyobadilishwa ukutani?"

"Angalia ulimi wako."

"Nauangalia, mzee wangu. Ndiyo maana nimesema hayo tu."

"Tume haitatoa kibali," alisema Mwenyekiti. "Hilo ni la mwisho."

Akiwa mlangoni, Inspekta aligeuka. "Tume haitatoa," alikubali. "Nimekuelewa."

Alikuwa amemwelewa vizuri kuliko mzee alivyodhani. Tume ilichunguza mitandao. Kifo kilikuwa cha polisi. Jalada la kifo cha Mwalimu lilifunguliwa katika kituo cha polisi cha mtaa siku ileile aliyofariki, na halikuwahi kufungwa, lilisahauliwa tu. Na Inspekta, hata akiwa ameazimwa, bado alikuwa polisi.

*

Kesho yake asubuhi kituo cha mtaa kilikuwa ndiyo kwanza kimedekiwa. Konstebo wa zamu alifungua kitabu cha matukio, kile kikubwa chenye kurasa zilizopigwa namba, ambacho ukiandika humo huwezi kung'oa ukurasa bila pengo kuonekana.

"Niandike nini, Afande?"

"Andika ninavyosema. Usifupishe."

Fundi Miwani alikuja kutoa maelezo. Fundi cherehani alikuja, nguo ya mteja bado ina pini begani mwake. Kila mmoja alisomewa maneno yake, akatia sahihi.

"Mjomba nilimpigia jana," alisema Fundi Miwani akirudisha kalamu. "Nikamsomea alichokiandika mama kwenye daftari. Akasema na daftari linaweza kughushiwa."

"Picha haiwezi, daftari linaweza."

"Ndivyo alivyosema." Alifunga vifungo vya koti lake jeupe, kimoja kimoja. "Afande, mimi sitafuti tena mjomba aniombe radhi. Nataka huyo mtu aulizwe. Aulizwe kwa jina lake, mahali penye maandishi. Mama hakuulizwa."

Konstebo aliandika namba ya tukio pembeni. Mkuu wa kituo, mtu mzito wa kusema, alisoma kurasa tatu, akakuna kidevu, akasema, "Hili litatumwagia unga sote," kisha akatia sahihi kwenye hati ya wito.

Ukumbi wa wizara, alikoupeleka wito, ulikuwa na meza ndefu ya kung'aa. Watu kumi na wawili walikuwa wamezunguka nakala za muswada, Meneja wa Sera miongoni mwao. Mkurugenzi wa Udhibiti alikuwa amesimama mbele, mikono ya shati ameikunja, anaeleza jinsi wananchi watakavyolindwa dhidi ya uongo. Alikuwa na sauti nzuri. Inspekta alimngoja amalize sentensi.

"Samahani kwa kuwakatisha. Nina wito wa kituo cha polisi."

"Tuna kikao, dada. Ongea na katibu wangu."

"Katibu wako hakuwa kwenye kiti cha tatu."

Meneja wa Sera alianza kuzipanga karatasi zake, akazipanga tena, macho chini.

Mkurugenzi alisoma hati. Uso wake haukubadilika. "Unajua mimi ni nani?"

"Ndilo swali la kwanza kwenye fomu," alisema Inspekta. "Jina, kazi, na ulikuwa wapi siku ya kura saa tisa kasorobo mchana."

"Hii ni siasa. Watu wa zamani wamekutuma." Aliinua sauti ili meza yote isikie. "Tulikuwa tunaibiwa kura nchi nzima! Ilibidi watu waamke! Mnadhani tungefika hapa kwa kupeana mikono?"

"Kituo kile hakuna kura iliyoibiwa."

"Ningejuaje?"

"Ulikuwa umekaa hatua nne kutoka kwenye sanduku," alisema Inspekta. "Siku nzima. Ulimwona akihesabu. Ukaona mnashindwa, ukairusha picha uliyompiga mchana, ukaandika anapokaa. Nyumba yako iko mtaa uleule. Ulijua rangi ya ukuta wake. Watu waliamka, ndiyo. Wakaenda pale ulipowaelekeza."

Mzee mmoja mwishoni mwa meza, mwandishi wa sheria, aliifunga nakala yake ya muswada na kuisukuma mbali naye.

"Una njia mbili," alisema Inspekta. "Wito, tushuke kama watu wawili wanaokwenda kazini. Au pingu, mbele ya wageni wako."

Mkurugenzi alichukua koti lake.

Walishuka kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imejaa watu waliokwisha kusikia habari. Ghorofa ya pili, simu ya Inspekta iliita mfukoni. Aliufungua ujumbe akitembea. Ilikuwa barua kutoka makao makuu, imepigwa picha kwa haraka hata kidole cha mpigaji kimeonekana pembeni: anaondolewa kwenye Tume, anahamishiwa idara ya vitu vilivyopotea, ananyang'anywa majalada yote aliyonayo. Kuanzia kesho.

Mkurugenzi alikuwa amepokea ujumbe pia. Alisimama kwenye ngazi, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. "Nadhani umepata taarifa, dada. Tusipotezeane muda."

Inspekta alitazama saa ya ukumbi wa chini. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

"Nimepata," alisema, akamshusha hadi nje na kumfungulia mlango wa gari. "Inasema kesho. Ingia."